Kiti cha Mwenyekiti na Kisima cha Kanisa

Mwaka ule ambao kisima cha kanisa letu pale Msambweni nusura kizungushiwe ua, mimi nilikuwa mwanafunzi. Nilikuwa mama wa watoto wanne, na nikirudi jioni kutoka darasani mwanangu wa kwanza hunipokea kitabu na kuniuliza kama leo nimepigwa.

Uhuru ulikuwa mchanga. Wamisionari walikuwa wakifunga masanduku mmoja baada ya mwingine, na viongozi wa kanisa wakaanzisha masomo ya uongozi kwa watu wazima, ili makanisa madogo ya pwani yapate watu wa kuyasimamia. Kina mama walinichagua mimi niende. Mwalimu wetu alikuwa mchungaji wa makamo kutoka bara, mtu mpole mwenye haraka. Alitufundisha kupanga mkutano, kugawa kazi na kusikiliza malalamiko.

Somo la kwanza lilikuwa habari ya Bwana alivyowaosha wanafunzi wake miguu. Wanaume darasani waliguswa sana, mmoja akatoa kitambaa akajifuta macho. Mimi kuinama sikuhitaji kufundishwa, nilikuwa nimeinama tangu nilipoolewa. Lililonitia hofu ni somo lililofuata: kukaa kwenye kiti cha mbele, na watu wazima wasimame kuniomba ruhusa ya kusema.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mume wangu alifanya kazi bandarini Mombasa, nami niliishi kwenye boma la baba yake. Mzee huyo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kijijini kubatizwa, na kisima cha kanisa alikichimba yeye, akisaidiwa na ndugu zake waliobaki katika Uislamu wa wazee wao. Wote, Wakristo na Waislamu, waliteka hapo. Mimi na baba mkwe hatukuzungumza ana kwa ana jambo lolote la mabishano. Nikikutana naye njiani nilijitenga pembeni, nikasema shikamoo baba, naye akaitikia, "Marahaba, mkaza mwanangu," basi. La zaidi lilipita kwa mama mkwe. Ndivyo tulivyoheshimiana, na ndani ya heshima hiyo nilimpenda.

Mwalimu alisema kila mwanafunzi ataongoza mkutano wa kweli, naye atatazama. Zamu yangu iliangukia kwenye shauri la kisima.

Tulikutana kanisani Jumapili baada ya ibada. Mwalimu alikaa nyuma kabisa. Baba mkwe alikaa benchi la pili, bakora kati ya magoti. Aliyesimama kwanza alikuwa mhudumu wa hospitali, mtu wa bara, mwimbaji wa sauti ya chini, mwenye moyo mwema. Alisema madebe yanagongana wakati wa mahubiri, vicheko vinaingia madirishani, kapi la kuvutia kamba linalia kama mbuzi anayechinjwa, na kamba imekatwa tena. Akataka kisima kizungushiwe ua wenye mlango.

"Hatumnyimi mtu maji," alisema. "Tunataka ufunguo tu."

Lakini kila mmoja wetu alijua maana ya ufunguo. Ilikuwa kaskazi, msimu usio na mvua, na visima vya jirani vilikuwa vimeingia chumvi. Ua ukisimama, ndugu zake baba mkwe wangekunywa chumvi huku wakitazama kisima walichokichimba kwa mikono yao.

Nikauliza nani ana neno la kupinga. Benchi la watu wangu likawa kimya. Pale walikaa wakwe, wapwa na watoto wa mzee, na hakuna ambaye angesema kabla yake. Yeye naye hawezi kusema, kwa sababu aliyeketi mbele ni mkaza mwanawe. Nilikuwa nimekalia midomo ya watu wangu.

Sikujua la kufanya ila nililofundishwa. Nikaomba wanaokubali ua wainue mikono.

"Mwenyekiti, nikiinua yote miwili?" aliuliza kijana mmoja wa mashamba ya miwa, na wenzake wakacheka.

Mikono ya watu wa bara, waliokuja kwa kazi za hospitali na za miwa, ikapanda. Nikauliza wanaokataa. Hakuna mkono. Mpwa mmoja wa mzee aliinua wake, akaishia kujikuna sikio.

"Mwenyekiti, tangaza matokeo," mwalimu alisema taratibu kutoka nyuma.

Nikasimama. Nje kapi lilikuwa likilia, mtu anateka. Mwalimu aliona watu walionyamaza na kukubali. Mimi niliona watu waliokataa na kunisitiri. Nikitangaza, ua umekuwa. Nisipotangaza, nimeshindwa mtihani mbele ya kanisa zima, na kina mama walionituma wameaibika pamoja nami.

Kwetu jambo likikaza, wachache huteuliwa waende faragha, wakanong'onezane, wakarudi na neno moja. Lakini kuteua ni kutuma, na mimi sikuwa na haki ya kumtuma niliyemhitaji.

"Kabla sijatangaza," nikasema, "naomba watatu waende faragha."

"Kura zimekwisha pigwa, mama."

"Naam, mwalimu. Lakini watu wangu hawajasema."

Nikamtaja mhudumu wa hospitali. Nikamtaja bibi mjane anayeteka maji kila siku. Wa tatu jina lake halitoki kinywani mwangu, nalo halijatoka hadi leo.

"Na aliyekichimba," nikasema, macho sakafuni.

Upande wa wanawake mama mkwe alivuta leso akafunika uso. Nilisikia bakora ikigusa sakafu, nikajua amesimama, ila sikujua anaelekea wapi. Hakusema nami. Alimwuliza mkewe, kwa sauti ya kila siku:

"Huyu mwenyekiti amenituma mimi?"

"Amekutuma," mama mkwe akajibu ndani ya leso.

"Basi. Anayetumwa huenda."

Wakatoka watatu. Sauti ya mhudumu ilipanda huko nje, ikashuka, ikapotea. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba mzee ameshakwenda zake nyumbani. Sikugeuka kutazama.

Walirudi wote. Kwa desturi, aliyeleta lalamiko ndiye hubeba neno la wote, kwa hiyo aliyesimama ni mhudumu. Alisema ameambiwa jambo asilolijua. Kila Ijumaa adhuhuri, binti zetu hupita mbele ya msikiti na madebe kichwani wakiimba nyimbo za kwaya, na majirani wamevumilia miaka yote bila kulalamika.

"Na mwenye sauti kubwa kuliko wote," alisema, "ni binti yangu."

Neno lao lilikuwa hili: ua usijengwe. Sisi tusiteke Ijumaa wakati wa swala, na mzee mwenyewe aende kuwaomba ndugu zake wasiteke Jumapili wakati wa ibada. Nikauliza kama wameridhia. Benchi la watu wangu ndilo lililoitikia kwa nguvu zaidi.

Mwalimu alinisindikiza hadi barabarani. Aliniambia walioinua mikono walikuwa na haki ya kuhesabiwa, na kwamba kiongozi hueleza njia kabla ya safari, habadili njia akishaogopa mwisho wake. Alisema kweli, na nimeishika maisha yangu yote. Jaribio lile hakulipitisha; nililirudia kwa mkutano mwingine huko Matuga, nikafaulu. Namshukuru.

Lakini majirani walikuwa hawajajibu. Baba mkwe alikwenda kwao, akarudi, nami siwezi kumwuliza. Mama mkwe aliniambia tu kwamba amekunywa kahawa huko, na neno hawakumpa. Ijumaa binti zetu walikaa nyumbani na madebe matupu hadi watu walipotoka msikitini.

Jumapili niliomba huku nasikiliza kisima. Mahubiri yakapita. Sala ya waumini ikapita. Nje kulikuwa na miguu ya watu, niliisikia, miguu iliyofika na kusimama. Mchungaji akanyoosha mkono kubariki, tukaitikia amina, na mara kapi likaanza kulia.

Benchi la pili, baba mkwe aliokota bakora yake na kwenda kuwaamkua.