Mteremko wa Kilindini na Gurudumu la Fundi Saa

Ukitaka baiskeli, usinunue kwa mtu anayekusifia rangi yake. Inyanyue nyuma kwa mkono mmoja, zungusha pedeli kwa mkono wa pili, kisha nyamaza usikilize. Gurudumu zima huvuma kama nyuki mmoja. Likivuma kama nyuki wawili, mwachie mwenyewe.

Haya sikuyasoma popote. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifika juzuu ya Amma, nikatolewa nikapewa nyundo na patasi. Ujana wangu wote ulikuwa kuchuchumaa chini ya vyombo pale bandari ya kale, nikipiga kalafati, yaani kusindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao mpaka chombo kisivuje. Kazi hiyo ni ya magoti. Na goti langu la kushoto halikunjiki tangu miaka michache kabla ya vita vya Mjerumani. Waliolifanya hivyo nawajua. Majina sitayaandika, lakini mimi si mtu wa kusema "ni kudra" nikanyamaza. Kudra ni ya Mungu, breki ni ya watu.

Lakini siku zenyewe zilikuwa tamu, wallahi, hata leo nikizikumbuka mate hunijaa kinywani.

Tulikuwa watatu. Mimi; mtoto wa ami yangu, kijana mwembamba aliyekuwa mpimaji nafaka katika duka moja la Bondeni; na fundi saa, mtu mzima kutushinda, aliyekuwa na kijiduka chake Mji wa Kale chenye baraza ya mawe mbele. Baada ya alasiri tulikutana barazani hapo, baiskeli zetu zimeegemea ukuta, kahawa mkononi, na mabishano yakaanza. Wengine walibishana juu ya mashairi na ndoa za watu. Sisi tulibishana juu ya tandiko la ngozi na tandiko la kitambaa, juu ya mpira mnene na mpira mwembamba, juu ya kanzu ikunjwe kiunoni au ifungwe kwa kamba mguuni isiliwe na mnyororo. Msimamo wangu ulikuwa, na bado ni, kwamba kanzu ivuliwe kabisa, uvae shuka uikaze. Mwenye kuogopa kuonekana miguu na atembee.

Baiskeli yangu niliachiwa na karani mmoja wa Kigoa aliyerudi kwao. Nilimzibia mashua yake ya kuvulia bila kumtaka kitu, naye hakusahau. Ilikuwa chuma kitupu, nyeusi, nzito, na gurudumu lake la nyuma lilikuwa la kufunga: miguu ikienda nalo laenda, miguu ikikataa nalo lakataa. Breki ilikuwapo moja, kipande cha mpira kilichoshuka kwa kijiti kutoka kwenye usukani kikabana tairi la mbele. Sikuwa nikiigusa. Breki yangu ilikuwa mapaja.

"Wewe huendeshi baiskeli," mtoto wa ami aliniambia. "Waendesha nanga."

"Nanga haipeperuki," nikamjibu. "Yako ikipigwa na upepo wa kaskazi utaikuta Likoni."

"Haya, nyote wawili wajinga," fundi saa akasema, hata macho hakuyatoa kwenye kioo chake. "Baiskeli ni saa iliyokuzwa. Mwenye kujua saa ndiye ajuaye baiskeli. Nyinyi mwajua kukanyaga tu, na punda naye ajua kukanyaga."

Siku hizo kuendesha baiskeli Mji wa Kale kulikuwa na adabu yake, na wasioijua waliaibishwa. Huwezi kupita mbele ya baraza ya wazee umekaa juu yao kama balozi. Washuka, watoa salamu, waulizwa habari za nyumbani, za mama, za ami, za kazi, wajibu zote, kisha waikokota baiskeli mpaka upite kona ndipo upande. Mbele ya msikiti washuka. Wakipita akina mama kichochoroni washuka, wageukia ukuta. Kutoka kwetu mpaka Ndia Kuu nilishuka mara tisa. Mtu wa miguu alinipita, akanisubiri, akanicheka. Na bado, ukitoka nje ya mji ukaikuta barabara pana ya Kilindini mbele yako, upepo ukaingia ndani ya fulana, mwili ulikuwa ukisahau kwamba kutwa ulikunjwa chini ya chombo kama kaa.

Sasa nije kwenye mafuta. Hewa ya bahari yala chuma kuliko mchwa alavyo mti, na kila mwenye baiskeli alikuwa na dawa yake. Mtoto wa ami alipaka mafuta ya nazi, akaletewa sisimizi na vumbi mpaka mnyororo wake ukawa mzito kama uji. Fundi saa alitumia mafuta ya cherehani, tone moja moja, kwa unyoya wa kuku. Mimi nilipaka mafuta ya papa. Ndiyo tupakayo vyombo, na chombo chakaa majini miaka. Nilipaka chuma, nikapaka tandiko, na kwa kuwa niliona mpira ukichanika juani kama mbao kavu, nikapaka na tairi zote mbili, mbele na nyuma, kila Ijumaa. Nikazisugua zikang'aa. Niliona fahari, kwani hakuna aliyekuwa na tairi nyeusi kama zangu.

Harufu yake sitaieleza. Paka walinifuata.

"Jamaa zako hao," mtoto wa ami alikuwa akisema. "Shuka uwape salamu."

Tulicheka. Hakuna aliyeniambia kwamba mafuta na mpira havikai nyumba moja. Mimi sikujua, kwani katika kazi yangu hakuna mpira. Ni kosa la mtu wa vyombo, na nalikiri kuwa langu. Lakini endelea kusoma, kwani si langu peke yangu.

Palikuwa na wakala mmoja wa meli kule Kilindini aliyetaka tarishi mwenye baiskeli yake mwenyewe, wa kuchukua karatasi forodhani Mji wa Kale na kuzifikisha kwake kabla ya saa tatu ya asubuhi, kila siku. Habari ilinifikia mimi kwanza, kupitia nahodha niliyemzibia chombo. Nilikwenda, wakala akanitazama, akaitazama baiskeli, akaziba pua, akasema nije Jumatatu na karatasi za kwanza. Nikifika kwa wakati, kazi ni yangu.

Mwenye kuchuchumaa chini ya vyombo tangu utotoni ndiye ajuaye maana ya kazi ile kwangu. Baba yangu kwa miaka arubaini alinuka hivyo hivyo, akaisha mgongo umepinda, hata jeneza lilimkaa vibaya. Mimi nilitaka mgongo wangu unyooke kabla sijafa. Basi. Sikutaka zaidi.

Nilipopeleka habari barazani, fundi saa alisimama.

"Kwa nanga hii hufiki. Ukifika, umechoka hata salamu hutoi. Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na gurudumu la nyuma alilolipata kwa baharia wa merikebu. Lilikuwa jambo jipya. Ukiacha kukanyaga, gurudumu laendelea lenyewe, miguu imetulia, na ndani yake pakilia tiki-tiki-tiki kama saa. Ndiyo maana alilipenda. Nilikuwa wa kwanza Mji wa Kale kufungiwa, na yeye alitaka sana awe wa kwanza kulifunga. Hilo nalo naliandika.

Nilimwambia, "Fundi, miguu ndiyo breki yangu. Ukiifungua, nitazuia na nini?"

"Breki si unayo mbele? Yashika?"

"Yashika," nikasema. Na mimi sikuwa nimeijaribu mwaka mzima.

Akaipanda mwenyewe, akaenda nayo mpaka mwisho wa kichochoro na kurudi, mahali tambarare, polepole. Aliposhika tairi la mbele kuiingiza baiskeli dukani alivinusa vidole vyake, akavipangusa kwenye shuka. Nilimwona. Hakusema neno.

Mtoto wa ami aliona wivu, haufichiki. Akasema, "Kesho nitakufuata nyuma, nione huyo malaika wako akiruka."

Jumatatu karatasi nilipewa forodhani, nikazifunga kifuani kwa kitambaa. Nilishuka mbele ya mabaraza yangu yote, nikatoa salamu zangu zote, siku hiyo hata wazee waliniombea dua. Tulipotoka mjini nikakanyaga. Ewe msomaji, lile gurudumu lilikuwa zuri. Sitalitukana kwa sababu ya yaliyonipata. Mara ya kwanza maishani nilikwenda mbio na miguu imepumzika, na nyuma nilimsikia mtoto wa ami akihema na kuniita, "Ngoja, yakhe! Ngoja!" Sikungoja.

Barabara ya Kilindini mwishoni yateremka kuelekea bandarini, na chini ya mteremko ilikatwa na reli nyembamba za toroli, vile vigari vilivyosukumwa na watu. Toroli moja ilikuwa ikija, imepakia magunia. Nikakaza miguu kama nilivyozoea. Miguu ikakaza hewa. Pedeli zilisimama na gurudumu likaenda, tiki-tiki-tiki. Nikaivuta breki. Kile kipande cha mpira kikashuka juu ya tairi lililokunywa mafuta ya papa Ijumaa baada ya Ijumaa, kikateleza kama ulimi juu ya samli. Niliivuta kwa mikono miwili. Haikunijua.

Nilikata usukani nisiigonge toroli, gurudumu la mbele likaingia ubavuni mwa reli, baiskeli ikasimama na mimi nikaendelea. Goti lilitua juu ya chuma.

Wasukuma toroli walikuwa wa kwanza kunifikia. Mmoja akasema, "Bwana, ungetwambia mapema kama wataka kupanda." Kisha akaona mguu ulivyokaa, akaacha mzaha, akaanza kuteremsha magunia wanitie mimi.

Mtoto wa ami akafika. Akatupa baiskeli yake, akapiga magoti kando yangu, na neno lake la kwanza, nalikumbuka kama nikumbukavyo Fatiha, lilikuwa, "Karatasi zi wapi?"

"Hizi hapa."

"Zisichelewe, ndugu yangu. Nikupelekee?"

Nilizifungua kifuani nikampa kwa mkono wangu. Yeye akapanda akaenda Kilindini. Mimi na baiskeli yangu tukarudishwa mjini juu ya toroli, na kila mwungano wa reli niliuhesabu kwa meno.

Mganga wa mifupa alinifunga kwa gango la vijiti, siku arubaini. Fundi saa alikuja na sinia ya haluwa, akakaa mlangoni, haingii wala haondoki.

Nikamuuliza, "Uliyanusa?"

"Niliyanusa."

"Ulijua mafuta na breki haviendi?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Akaizungusha ile sinia. "Nilidhani wajua kazi yako."

"Na mimi nilidhani wajua yako."

Hakugusa baiskeli tena mpaka akafa. Alirudi kwenye saa zake. Lakini kati ya aliyekosa kwa kutojua na aliyenyamaza kwa kutaka gurudumu lake lionekane, mimi nawajua wote wawili, na namweka wa pili mbele kwa lawama.

Gango lilipotolewa, goti lilikuwa gogo. Chini ya chombo sikuingia tena, huwezi kuchuchumaa kwa mguu mmoja. Nikajifunza kushona kofia dirishani, mguu nimeunyoosha juu ya kigoda. Mgongo ulinyooka kweli.

Mtoto wa ami alikuja siku moja amevaa koti la khaki na kofia ya kitarishi. Alikaa chini kwa adabu.

"Bwana wakala alisemaje," nikamuuliza, "ulipomwambia karatasi ni zangu?"

Alijikuna chini ya kofia. "Sikumwambia. Aliniuliza jina, nikataja langu."

Nilitaka kumpiga kwa kigoda. Lakini alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo hakuna aliyemlazimisha kuisema. Akaendelea, macho kwenye mkeka. Baiskeli yake nyembamba imepindwa na mawe ya Kilindini, spoki zakatika kila juma, wakala ametishia kumwondoa. Amekuja kuomba yangu.

Nilitunga uzi sindanoni. Mama aliyekuwa chumba cha pili aliacha kutwanga ili asikie.

"Ichukue," nikasema. "Lakini lile gurudumu litoke, urudishe la kufunga. Tairi uzibadilishe, kwani zimeoza kwa ndani, na rimu uzioshe kwa sabuni na mchanga, mara tatu. Mpira wa breki utupe, utie mpya. Na ukifika juu ya mteremko, anza kuzuia kabla hujaona haja."

"Nimesikia."

"Rudia."

Akarudia yote, neno kwa neno, kama mtoto wa chuoni.

Tangu hapo alipita chini ya dirisha langu kila asubuhi, akishuka na kuikokota mbele ya mlango wetu ingawa hapakuwa na mzee barazani, kisha akapanda. Sikuhitaji kuchungulia. Niliijua kwa mvumo. "Mnyororo umekauka!" nilimwita toka juu, sindano mkononi, naye akapiga kengele mara moja. Jioni alirudi na unyoya wa kuku na kichupa, akaipindua baiskeli magurudumu juu pale mlangoni, nami dirishani nikamwelekeza tone kwa tone: hapo, hapo si hapo, punguza, pangusa. Jambo jingine hatukuzungumza.