Sikiliza Pampu Kabla ya Kukanyaga Mafuta

Nakumbuka siku niliyoshuka Iyunga, pale Mbeya, nimejifunika gunia, mwanangu. Nilikuwa nimetoka Idodi, kule kwetu kwenye joto. Nilipanda lori la mahindi hadi Iringa mjini, nikakaa kwa shangazi mpaka nikachoka kukaa, nikadandia jingine hadi Makambako, na jingine tena lililokuwa likirudi Mbeya tupu. Kwenye lori tupu upepo haumbagui mtu. Sekondari nilikuwa nimemaliza, kazi sina, na miguu yangu tangu utotoni haijui kutulia. Waliosema tembea uone hawakukosea. Mengi niliyoyaona nimeyasahau, ila hili sijalisahau.

Aliyenipokea ni Mzee Ramji, fundi wa umeme wa magari. Babu yake alikuja kutoka India, lakini yeye alizaliwa Mbeya, na akina mama wa Kisafwa waliopita na viazi alikuwa akiwasalimu kwa lugha yao mpaka wanacheka. Aliniuliza kwanza kama nina njaa, ndipo akaniuliza kama najua kazi. Namshukuru mpaka leo kwamba alianza na la njaa.

Pale gereji nikapata rafiki, Ambakisye, kijana wa Kinyakyusa. Baba yake alikuwa na gari dogo jeupe lililobeba abiria kati ya Iyunga na Mbalizi wiki nzima. Jumamosi Ambakisye alilikimbiza. Mpunga ukishavunwa, vijana wa Mbeya na wa Iringa walikutana Ubaruku, kwenye barabara iliyonyooka ndani ya shamba la mtu mmoja aliyependa mambo hayo. Magari yalikwenda mawili mawili, robo maili tu, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Baba yake alimruhusu kwa sharti moja, kwamba Jumatatu gari liwe barabarani. Gari lile ndilo lililoilisha nyumba yao na kuwasomesha wadogo zake. Hawakuwa na lingine.

Siku chache kabla ya mashindano Ambakisye alitaka tutoe oltaneta, kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kiirudishie betri umeme. Gari liwe jepesi, alisema. Hata Kivike, bingwa wa Iringa, alikuwa ameshatoa yake. Mzee Ramji alikataa bila kuinua macho. Alisema betri ni ghala na oltaneta ndiyo shamba, na mtu hauzi shamba kwa sababu mwaka huu ghala limejaa. Mwishowe tukahamishia betri kwenye buti ili uzito ukae nyuma na tairi zishike barabara. Mzee akanisimamia nikivuta waya mnene kutoka huko hadi kwenye injini, kisha nikikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa pale tulipofunga waya wa ethi, maana umeme uendao sharti upate njia ya kurudi. Betri tukaichaji ikajaa.

Sasa uone tulivyo sisi watu wa huku. Mkusanyiko usio na muziki kwetu ni matanga. Tulipofika Ubaruku watu wamejaa, jenereta la mwenye spika limegoma, na gari letu lilikuwa na redio yenye besi ya kutikisa kifua. Milango ikafunguliwa yote, muziki ukapigwa tangu asubuhi, injini imezimwa ili isichemke. Wenye simu nao wakaomba kuchaji. Ukiwakatalia utaambiwa una roho mbaya. Bandu bandu huisha gogo, mwanangu, na gogo letu lilikuwa ndani ya buti.

Zamu yetu ikafika. Ambakisye akazungusha ufunguo, gari likakohoa, likanyamaza. Tukalisukuma, likawaka. Kivike akaja amefunga kitambaa kichwani, anatabasamu, akatusalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Nyie watu wa ndizi, leo tunashindana kukimbia au kusukuma?"

Watu wakacheka. Utani kati ya Iringa na Mbeya ni wa siku zote, lakini nilimwona Ambakisye ameuma mdomo. Akafunga mkanda wa kiti. "Idodi, toka mbele," akaniambia. Idodi ndilo jina alilonibandika.

Mimi nilikuwa nimeshaitazama mita ya volti. Injini inaunguruma, lakini sindano imelala chini kabisa. Nikamwita Mzee Ramji, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kututazama. Hakumshika Ambakisye mkono wala hakuugusa ufunguo. Alimwomba ashuke kidogo, na muziki uachwe uendelee. Akafunua kiti cha nyuma, ambako chini yake ndiko inakokaa pampu ya mafuta.

"Weka sikio hapo."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ambakisye akainama upande ule, nami upande huu. Kila besi ilipopiga, mlio wa pampu ulilegea, ukajikaza, ukalegea tena, kama mtu aliyebeba gunia akipanda mlima.

"Basi nazima muziki," Ambakisye akasema. "Si itatosha?"

"Ukizima, betri bado ina njaa," Mzee Ramji akajibu. "Ukikanyaga, oltaneta itataka kuilisha kwanza, mkanda utateleza, pampu itapata makombo. Injini ikikosa mafuta kwenye mwendo ule, inachemka mno na pistoni inatoboka." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Gari ni la baba yako, sikukatazi. Nakuuliza tu, Jumatatu abiria utawabeba mgongoni?"

Ambakisye alikaa kwenye ukingo wa mlango huku watu wakimpigia miluzi. Kisha akazima gari, akatembea mpaka kwa Kivike, akamwambia mbele ya wote kwamba gari lake halina umeme wa kutosha na hatakimbia.

Nikajiandaa kusikia kejeli. Kivike alimtazama, akakuna kichwa.

"Mimi nimetoka Iringa kukimbizana na gari," akasema, "siyo na betri."

Akaenda kwenye buti lake, akatoa betri ya akiba, imejaa. Maana asiye na oltaneta hana budi kutembea na ya ziada. Akatusaidia na kuifunga, huku akiuliza iwapo kwetu hata betri humenywa kama ndizi.

Alitushinda, tena vizuri tu. Lakini pampu iliimba kwa sauti moja mwanzo hadi mwisho, na Jumatatu abiria wa Mbalizi walipanda kama kawaida. Baba yake Ambakisye alimletea Mzee Ramji mkungu wa ndizi bila kueleza ni wa nini.

Wewe unayehangaika na magari haya leo, usitoe oltaneta kwa tamaa ya wepesi. Kaza mkanda wa injini, kwangua chuma pa kufungia ethi, tumia waya mnene, na kama lazima pawe na muziki, upe betri yake. Kabla ya kuondoka, tazama mita injini ikiwa inanguruma. Na siku utakayokuta umepungukiwa, sema. Aibu ya kusema hupita jioni ileile. Chuma kilichotoboka hakizibiki kwa majivuno. Tena usimdharau anayekutania, huenda ndiye aliyebeba akiba yako.

Nilikaa Iyunga mpaka miguu ikaanza kuniwasha tena. Siku niliyoondoka moja kwa moja, Ambakisye alinipeleka stendi na lile gari jeupe, Mzee Ramji amekaa mbele. Basi lilipopiga honi alinishika mkono akasema, "Nenda. Mungu akuweke karibu na watu watakaokulisha kabla hujaishiwa, na akupe cha kuwalisha wao."

Sikurudi tena kuishi kule. Baraka ile nimekwenda nayo kila mji, haijapungua. Nawe mwanangu, nakuombea hiyohiyo.