Kofia Nyeupe kwenye Njia ya Bafwasende

Niliondoka Kisangani kwa sababu ya barua ya dada yangu Mwamini. Mchuuzi wa chumvi ndiye aliyenifikishia, imekunjwa ndani ya karatasi ya sabuni. Mume wake Asani, muuguzi wa zahanati ya shamba moja la kahawa upande huu wa Bafwasende, alikuwa ameanguka kutoka juu ya farasi na kuumia kichwa. "Kofia ngumu ya kupandia farasi anayo," aliandika, "lakini anaogopa kuivaa kwa sababu ya wanajeshi. Wewe uko fundi wa ngozi. Kuja uangalie kama unaweza kuigeuza isifanane na ya vita. Akianguka tena sitakuwa na mume."

Wengi wa nyumbani hawajawahi kumwona farasi, kwa hiyo nieleze kidogo. Mwenye shamba lile alileta farasi wawili kutoka milima ya Ituri, zamani, wakati kahawa ilikuwa bado inanunuliwa. Vita vilipofika alikimbia, akawaacha farasi, matandiko yao na kofia moja kabatini. Farasi mmoja aliuawa na mbung'o. Wa pili, jike wa rangi ya kahawia anayeitwa Bijou, alibaki kwa Asani. Pikipiki ya zahanati ilikuwa imechukuliwa na wanajeshi wiki ya kwanza, na hata kama ingebaki, mafuta yangetoka wapi? Boti kutoka Kinshasa zilikuwa hazipandi tena mto. Mji mzima ulikuwa ukienda kwa baiskeli.

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, nilitoka mtaa wetu wa Kabondo na baiskeli yangu. Nyuma nilifunga mfuko wa kazi: sindano za kushonea viatu, uzi uliopakwa nta, kisu, gundi kidogo na ngozi nyeupe ya mbuzi niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya viatu vya arusi. Mke wangu alinipa lituma, ndizi zilizopondwa, iliyofungwa kwa majani. Wakati ule kuagana kulikuwa kazi ya kimya, kwa maana kila mtu alijua mtu au wawili ambao walitoka hivyohivyo na hawakurudi.

Nilifuatana na Kambale, yule mchuuzi aliyeniletea barua, Mnande anayeuza chumvi na sabuni, ambaye njia ile alikuwa ameizoea. Siku ya kwanza tulipanda baiskeli, siku ya pili tulizisukuma. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, na katika mashimo ya zamani ya malori kulikuwa na maji yanayofika kiunoni. Tulipita vijiji viwili visivyo na watu. Katika kimoja, sufuria ilikuwa bado juu ya mafiga, imejaa maji ya mvua na majani.

Kwenye vizuizi vya wanajeshi Kambale aliniambia nifanye kama yeye: kushuka mbali, kutembea polepole, kuongea Lingala, na kutosifia kitu chochote nilicho nacho.

"Wakikuuliza, sema ni vitu vya bure tu," alisema. "Sabuni yangu haitoi povu. Chumvi yangu iko na mchanga. Umesikia, fundi?"

Nilisikia, nikacheka.

Siku ya tano, jua likiwa limeanza kushuka, tuliachana kwenye njia panda ya shamba, naye akaendelea mbele. Miti ya kahawa ilikuwa imepanda juu kama msitu, hakuna anayeikata. Mwamini alinipokea mlangoni pa zahanati, akanishika mikono yote miwili kwa muda mrefu. Alikuwa amekonda. Ndani, Asani alikuwa ameketi akikata shuka kuukuu kuwa bandeji. Juu ya sikio la kushoto alikuwa na kovu jipya, na nilipomsalimia aligeuza kichwa ili anisikie kwa sikio la kulia.

"Bokilo, shemeji yangu, umekuja kunivalisha?" aliuliza, akitabasamu.

Baada ya kula alinieleza. Miezi michache kabla, alipokuwa amevaa kofia ile, wanajeshi wa kizuizi kilicho karibu na kijito walimwona kwa mbali: mtu juu ya mnyama, kichwa cheusi cha mviringo. Walidhani ni askari wa upande mwingine anayekuja kupeleleza. Walimpigisha magoti juani nusu ya siku, mpaka mmoja wao ambaye Asani alikuwa amemtibu malaria alipofika zamu na kumtambua. Tangu siku ile kofia ililala sandukuni chini ya nguo za Mwamini, na Asani alipanda kichwa wazi. Kisha Bijou akateleza kwenye tope, naye akapiga kichwa juu ya mzizi.

"Alizimia kutoka asubuhi mpaka saa sita," alisema Mwamini. "Alipoamka akaniuliza kama mvua imenyesha. Alikuwa amelala ndani ya mvua."

"Si kitu," alisema Asani.

"Ni kitu," Mwamini alimjibu. "Waliiba vitabu vyako vyote vya dawa. Kipimo cha mutoto, kipimo cha muke mwenye mimba, vyote viko ndani ya kichwa hicho. Ukikivunja, watu wa hapa wataenda wapi?"

Kesho yake asubuhi nilianza kazi. Kofia ilikuwa nzuri, ngumu nje, imefunikwa kitambaa cheusi chenye manyoya mafupi, lakini mkanda wa kidevuni ulikuwa umeoza na pamba ya ndani imeliwa na panya. Niliweka pamba mpya, nikaibana kwa kitambaa laini. Nilishona mkanda wa ngozi ya mbuzi mara mbili, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, haukusogea. Halafu nikaifunika kofia yote kwa ile ngozi nyeupe, na Mwamini akachora msalaba mwekundu mbele na nyuma kwa dawa ya vidonda iliyokuwa imebaki chupani. Kazi ile ilinichukua siku mbili, na sioni haya kusema kwamba sijashona kitu kizuri kuliko kile.

Asani aliivaa siku mbili katika vijiji vya karibu. Watoto walimwita Papa Uyoga, yaani Baba Uyoga. Mwamini alisimama uani akimwangalia anavyoondoka, na mara ya kwanza tangu nifike nilimsikia akiimba alipokuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, alikuja mwanamume anayehema. Mke wake alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Kijiji chao kilikuwa ng'ambo ya kijito, yaani ng'ambo ya kile kizuizi. Asani alitandika Bijou, akaniomba nimfuate kwa baiskeli.

"Wewe ni mtu wa mji," alisema. "Unajua kuongea nao. Wakiuliza juu ya kofia, utawaeleza."

Saa mbili na nusu tulifika kwenye kizuizi. Mianzi ilikuwa imelazwa njiani, na wanajeshi wanne walikuwa wameketi chini ya paa la majani. Asani alishuka mbali, akaongoza farasi kwa kamba, kofia nyeupe kichwani. Hawakumwelekezea bunduki. Nilimwona akishusha pumzi. Komanda wao, mtu mrefu mwenye macho mekundu, alikuja akaizunguka ile kofia kama anayetaka kununua mbuzi.

"Hii iko nini?"

"Ni kofia ya muuguzi, chef," nilijibu mimi. "Ni ya kupandia farasi tu."

"Casque. Kofia ya vita."

"Hapana, chef. Si ya vita."

Aliigonga kwa vidole. "Alors inafanya nini?"

Hapo nilipaswa kunyamaza. Ningesema ni kitambaa tu, ni cha kuzuia jua. Lakini nilikuwa na furaha kwamba kazi yangu imepita, na niliogopa asije akadhani tunaficha kitu. Nikafungua mdomo.

"Inalinda kichwa, chef. Iko na nguvu sana. Hata mutu akiangukia jiwe, kichwa hakipasuki. Hata ukiipiga na nyundo."

Komanda alimtazama Asani, akanitazama mimi. "Bon," alisema. "Mi pia niko na kichwa."

Alinyoosha mkono. Asani alifungua mkanda taratibu, akampa. Wenzake walicheka kidogo. Komanda akaijaribu, haikumwenea, akaishika mkononi akatufanyia ishara tupite.

Tulipokuwa tumetembea kidogo nilimwambia Asani turudi nyumbani. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye kikuku.

"Muke yule anangoja, bokilo."

"Basi tembea kwa miguu."

"Kwa miguu nitafika saa sita. Mutoto hatangoja saa sita."

Alipanda. Mwenye mke alikuwa amekwisha tangulia mbio. Nilikuwa nasukuma baiskeli yangu hatua kama thelathini nyuma ya farasi, tukishuka kuelekea daraja la magogo, mlio wa bunduki uliposikika nyuma yetu. Mmoja tu. Nilijitupa chini. Nilipoinua uso nilimwona Bijou amesimama kwa miguu ya nyuma, kisha akatimka. Asani alimshika mpaka mwanzo wa daraja. Pale farasi alikataa magogo, akageuka ghafula, na mume wa dada yangu akatoka juu yake kama mzigo uliokatika kamba. Kichwa kilipiga ncha ya gogo. Nilikisikia kutoka pale nilipokuwa.

Hakuwa amekufa. Damu ilikuwa inatoka katika lile sikio baya. Watu wa kijiji cha ng'ambo walikuja, wakatengeneza tipoi kwa fito na blanketi, wakambeba wanne wanne. Njia ilikuwa moja, kwa hiyo tulirudi kwenye kizuizi kilekile.

Kofia ilikuwa juu ya mti uliochomekwa ardhini, nyuma ya paa lao. Katikati ya msalaba wa Mwamini kulikuwa na tundu, na upande wa nyuma ngozi yangu ilikuwa imechanika vipande. Walikuwa wameijaribu. Komanda alitazama tipoi, akatazama farasi aliyekuwa anaongozwa nyuma, kisha akanijia. Hakuonekana kuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Ulidanganya," alisema. "Risasi imepita."

"Ni ya kuanguka, chef," nilisema. "Si ya risasi."

Alifikiri. "Donc ungesema hivyo," alijibu, akaamuru mianzi iondolewe.

Asani alilala siku tatu bila kufumbua macho. Mwamini alimlowesha midomo kwa pamba na kumgeuza kila saa kama Asani mwenyewe alivyokuwa amemfundisha kuwageuza wagonjwa. Siku ya nne aliamka, akamwita mke wake kwa jina la mama yake marehemu. Siku ya sita alikaa. Tulimpa chupa ya kwinini, akaizungusha mkononi, akasoma herufi moja moja, kisha akaniuliza kwa upole ni ya nini.

Siku hiyohiyo alikuja yule mwanamume wa ng'ambo, amebeba kuku. Mke wake alikuwa amejifungua bila muuguzi mnamo saa nne ya asubuhi ileile, na vikongwe wa kijiji ndio waliompokea mtoto. Wote wawili walikuwa wazima. Alitaka kumshukuru Asani kwa sababu alikuwa njiani kwa ajili yao. Asani alimpokea kuku, akampapasa mabawa, akasema asante sana, kisha akauliza mgeni ametoka wapi.

Nilikaa wiki mbili zaidi. Nilikata kuni, nilirekebisha paa, nilimfungulia mlango kila mgonjwa aliyekuja na kumwambia arudi kwake. Kitu kimoja sikukifanya mpaka siku ya mwisho. Mwamini alijua kwamba kofia ilichukuliwa. Hakujua kwa nini. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta anamnyoa Asani nywele uani. Nikamwambia yote, neno kwa neno, nilivyoisifia kofia, nyundo na jiwe, mpaka mkono wa komanda.

Wembe ulisimama. Kisha ukaendelea.

"Ulisema kweli," alisema. "Iko na nguvu. Mi mwenyewe niliona ulivyoishona."

"Yaya, dada yangu, nisamehe."

"Mi ndiye nilikuita."

Nilifunga mfuko wangu, nikamshika Asani mkono, naye akaniombea safari njema kwa heshima kama tunavyowaombea wageni. Kwa desturi yetu anayebaki humsindikiza anayeondoka mpaka njiani. Mwamini hakuinuka. Nilipofika kwenye miti ya kahawa niligeuka, bado alikuwa ameinama juu ya kile kichwa, ananyoa polepole kuzunguka kidonda.

Safari ya kurudi ilikuwa siku sita, peke yangu. Kwenye vizuizi nilisema mfuko wangu una takataka, sindano zimeshika kutu, baiskeli ni ya kuazima na breki haishiki. Hawakuchukua kitu. Niliingia Kisangani Jumamosi mchana, mvua inanyesha, nikapita katikati ya watu wa baiskeli waliokuwa wakibeba abiria kwenda sokoni, vichwa vyote wazi.

Kabla ya safari nilidhani kazi ya fundi inaisha pale kitu kinapokuwa imara. Sasa najua kwamba katika vita kitu kizuri kinahitaji pia kufichwa, na fundi anayekipenda mno ndiye wa kwanza kukitoa nje. Vita vimepita mji wetu, lakini bado nashona viatu Kabondo. Mteja akiniuliza mbele ya watu kama kazi yangu itadumu, namjibu kwamba ni kiatu tu, avae aone. Wengine huchukia na kwenda kwa fundi mwingine. Nawaacha waende.