Aya Niliyoiruka

Mwaka 2014 nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja wa Kizungu mjini Louisville, siku nne kwa wiki, kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kwa mujibu wa karatasi za wakala aliyeniajiri, kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia na kumkumbusha dawa. Lakini alichokitaka yeye hasa kilikuwa kusomewa. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati, akiona kingo za vitu tu. Aliniambia kwamba uso wangu kwake ulikuwa doa lenye masikio.

Alikuwa akiandika kitabu cha ukoo wake. Wahenga wake walivuka milima kuja Kentucky enzi za walowezi wa kwanza, wakati watu walipojifungia ndani ya ngome za magogo na hawakujua kesho yao. Kwa miaka mingi alikusanya makala za zamani kuhusu enzi hizo, kutoka kwenye majarida ya historia ambayo mengi yalishaacha kuchapishwa. Alizihifadhi katika maboksi ya viatu, kila wilaya na boksi lake. Alikuwa pia na orodha ya makala ambazo hakuwahi kuzipata, na orodha hiyo ndiyo aliyonikabidhi. Kila Alhamisi nilikwenda maktaba, nikampa mkutubi karatasi yangu, nikaletewa majalada mazito yanayonuka vumbi, nikatoa fotokopi. Mchana uleule nilimsomea.

Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyokiri kwa wenzangu wa mtaa wa Newburg, ambao walinicheka kwamba nimetoka Kongo kuja kutafuta mababu wa Wazungu. Kiingereza changu nilikipata kambini Kigoma, nilikosoma sekondari, na nilifurahia kukutana na maneno ambayo mwalimu wetu hakuwahi kuyaandika ubaoni. Nilipenda pia mambo madogo yaliyotajwa: ng'ombe aliyepotea, gunia la chumvi lililodondoka mtoni. Wenyeji wa nchi ile, wenye ardhi yao, walitajwa kama maadui tu, bila majina. Siku moja nilimwuliza bibi kama wajukuu wa wale nao wana makala zao za kukusanya.

"Sijui," alisema. "Ningepaswa kujua."

Katika ukoo wake ilikuwapo hadithi moja iliyosimuliwa kila walipokutana. Mhenga wao, akiwa kijana, alimbeba mgongoni mama yake aliyekuwa kiwete, shamba lao lilipovamiwa, akatembea naye msituni hadi ngomeni. Bibi aliisikia kwa babu yake. Sasa alitaka kuiona imeandikwa mahali.

Niliipata Alhamisi moja ya mwezi Machi. Ilikuwa makala ya kurasa nne, kumbukumbu za mwanamke mzee aliyekuwa msichana mdogo ndani ya ngome ile. Sikuisoma maktabani, niliona tu jina la ukoo nikakimbilia mashine. Bibi aliipapasa bahasha ya fotokopi, akanirudishia. Nikavuta kiti, nikaanza.

Ninaposoma kwa sauti macho yangu hutangulia mdomo. Kwa hiyo niliiona aya ile kabla sijaifikia. Yule mwanamke alisema kijana alifika ngomeni peke yake, amepanda farasi wa mama yake. Alipoulizwa mama yuko wapi, alijibu kwamba anakuja nyuma. Kesho yake wanaume walikwenda shambani wakamkuta mama huyo amekufa, ametambaa mpaka mlangoni.

Niliiruka. Nilisema, "Kijana akafika ngomeni na mama yake, wote salama," kisha nikaendelea na aya iliyofuata, iliyohusu mahindi.

"Rudia hapo," bibi alisema.

Nikarudia uongo wangu, neno kwa neno. Alilia kwa furaha, akaniomba nimshike mkono.

Watu wangedhani nilimhurumia. Ukweli ni kwamba nilijihurumia mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na minne vita vilipofika kwetu, karibu na Uvira. Babu, mzazi wa baba yangu, hakuweza kutembea. Familia ilitangulia ufukweni kutafuta boti, na mimi niliachwa nyumbani naye hadi baba mdogo arudi na baiskeli ya kumbebea. Risasi zilianza kusikika upande wa barabara. Babu aliomba maji. Nikamwambia naenda kuyachota, nikatoka na kikombe mkononi, nikakimbia bila kugeuka.

Nilikutana na baba mdogo njiani, tayari anasukuma ile baiskeli. Akaniuliza babu yuko wapi. Nikasema amekufa. Nikaongeza kwamba nimemfumba macho mwenyewe. Baba mdogo akaigeuza baiskeli, akanipakia mimi. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, na baba mdogo alifia kambini bila kujua kwamba nilimrudisha kwa uongo.

Ile aya sikuweza kuisoma kwa sababu hiyo. Ukurasa wake niliuchomoa kwenye fotokopi, nikamwambia bibi kwamba mashine iliutoa mweusi. Akasema si kitu, maadamu tumeusoma. Nikauficha nyumbani, kwenye mfuko wa hati zetu za uhamiaji.

Mwaka uliofuata bibi alianguka bafuni, na binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Columbus. Kabla hajaondoka alinipa nakala ya kitabu chake kilichokwisha kuchapwa. Kwenye shukrani aliandika kwamba mimi ndimi niliyekuwa macho yake. Niliisoma sentensi hiyo mara moja, nikakitia kitabu kabatini nyuma ya masufuria.

Nilivumilia miezi kadhaa. Halafu kwaya ya kanisa letu ilialikwa harusini Whitehall, huko huko Columbus, na dereva wetu wa vani alikubali kunishusha kwa yule binti Jumamosi asubuhi. Bibi alikuwa amekaa sebuleni, amekonda, kajifunika blanketi. Alinitambua kwa sauti.

"Nimekuja kukusomea kitu," nilimwambia.

Sikukaa. Niliusoma ukurasa nimesimama, wote, pamoja na ile aya. Binti yake aliacha kukunja nguo. Nilipomaliza bibi alisema nisome tena, nikasoma tena.

"Hii ulikuwa nayo siku ile?"

"Nilikuwa nayo."

"Nimewapa ndugu zangu wote kile kitabu," alisema taratibu. "Watoto wao wanafundishwa hicho. Mimi sikukuomba uamue nini nijue. Nilikuomba usome."

Nikasema ninaomba msamaha. Akauliza kwa nini niliiruka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasimulia habari za kikombe na baiskeli, kwa Kiingereza, mbele ya watu wawili wasiomfahamu babu yangu. Pengine ndiyo maana niliweza. Bibi alisikiliza amegeuza uso pembeni, kama alivyofanya alipotaka kumwona mtu.

"Nani mwingine hajasomewa?" aliuliza.

Nilijua jibu. Dada wa baba yangu, shangazi pekee niliyebaki naye, alikuwa naye ameletwa nchi hii, mjini Buffalo. Yeye alikuwa ameshahamia kambi ya upande wa Burundi wakati ule, na habari za kifo cha baba yake alizipata kutoka kwangu, kwa barua. Kila msiba aliofika, aliwafariji wenzake kwa kusema kwamba baba yake alikwenda vizuri, na mjukuu wake akamfumba macho.

Bibi hakunikumbatia nilipoaga, na sikutegemea. Wiki chache baadaye binti yake alinitumia karatasi iliyochapwa, ya kubandikwa ndani ya kitabu. Ilieleza yaliyotokea ngomeni na mahali makala inapopatikana. Kosa, iliandikwa, lilikuwa la mwandishi. Jina langu halikutajwa, na hilo liliniuma kuliko kama angelitaja.

Nilikwenda Buffalo mwezi wa Novemba. Shangazi alikaa ghorofani, juu ya duka la vyakula kwenye barabara ya Grant, na chumba chake kilinuka ndakala, vile visamaki vikavu vya ziwani kwetu, vilivyokuwa vikiuzwa chini. Alinikumbatia muda mrefu, akaniketisha jikoni, akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

"Bon, mutoto wa kaka," alisema, kwa Kiswahili chetu cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa. "Umekonda. Sema habari ya Louisville."

"Shangazi, nimekuja kwa ajili ya babu."

Nilimwambia kila kitu. Nilijaribu kutojitetea, ingawa mara mbili nilijisikia nikisema nilikuwa mtoto. Mikono yake iliendelea na majani, moja moja, mpaka nilipofika kwa baba mdogo na baiskeli. Hapo ikasimama.

"Donc alikuwa anakuya kumuchukua."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamurudisha."

"Ndiyo, shangazi."

"Na baba aliomba maji." Alifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole. "Donc hakuna mutu alimufunga macho."

Aliinuka, akaenda chumbani, akafunga mlango. Nilimsikia akilia kilio cha msibani, kile chenye maneno, akimwita baba yake kwa majina ya sifa ambayo sikuwahi kuyasikia. Jirani mmoja, mama wa Kirundi, alibisha hodi kuuliza nani kafariki. Nikamjibu kwamba ni babu yangu. Akauliza lini, nikasema ni miaka mingi sasa.

Shangazi alitoka jua likiwa limeshapita dirishani. Alinipakulia ugali na samaki, lakini yeye hakula. Aliniambia nitoke kesho yake na basi la asubuhi, na kwamba hana ugomvi na mimi, ila kwa sasa hawezi kuniangalia. Mlangoni alinipa koti lake zito kwa kuwa langu lilikuwa jepesi. Nililivaa njia nzima, naona aibu kupata joto.

Wakati wa baridi wote hakupokea simu zangu. Jamaa wa kanisa lao walinieleza kwamba aliomba ibada ya maziko ifanyike, bila mwili, na kwamba aliposimama kutoa ushuhuda alisema baba yake aliachwa, akafa na kiu, na hakuongeza nani alimwacha. Wengi walijua. Binamu mmoja alinifuta kwenye kundi letu la WhatsApp, na mpaka leo hajanirudisha.

Mwezi wa Aprili simu yangu ililia nikiwa kazini, nyumba nyingine, kwa mgonjwa mwingine. Ilikuwa namba ya Buffalo. Shangazi hakusalimia.

"Uko na kalamu?" aliuliza.

Nilikuwa nayo. Akanitajia jina la babu, jina la baba yake babu, na jina la aliyemzaa huyo, akiyatamka mara mbili mbili ili nisikosee. Kisha akataja kilima walikozikwa hao wawili, na mto ulio chini yake. Akarudi kwa babu, ambaye hakuwa na kaburi la kutaja.

"Yeye andika vile ilikuwa," alisema, akakata simu.