Mkebe Uliofura Siku ya Posa

Vijana mnaonunua mikebe ya bei isiyopitisha hewa, nisikieni. Kwa sukari inafaa. Lakini watu walipotuma habari kwamba wanakuja kwetu Galbet kumposa mjukuu wangu Hodan, niliacha kibuyu changu cha kufukizwa moshi, nikatia maziwa ya ngamia kwenye mkebe wake mmoja wa aina hiyo, tuonekane wa kisasa. Siku ya pili kifuniko kimefura. Sikuelewa kwamba maziwa yakichacha hutaka pa kupumulia. Nikakikaza kwa kamba.

"Ayeeyo, bibi yangu, mbona mkebe unalia ndani?" Hodan akauliza.

"Nyamaza! Anayeposwa haulizi vyombo."

Siku ya posa nikaufungua mbele ya wageni. Puu! Maziwa yakamrukia baba wa kijana mpaka ndevuni. Wallahi, nikaona posa imekwenda. Akajilamba polepole, akitafuta ladha ya moshi.

"Mama, msichana anajua kufukiza kibuyu?"

Sikuwahi kumfundisha. Nikaamrisha nyumba nzima: "Leteni kibuyu na kijinga cha moto. Hodan, kaa hapa."