Mzee, Unasikia?

Mnyoosha viungo wa zahanati ana viganja vizito na mdomo usiojua likizo. Kila akilishika bega la fundi cherehani, mzee ambaye maradhi ya kutetemeka yamemkausha uso hata kukunja kipaji hawezi, huanza habari za mashemeji zake. Hulivuta bega kama mlango wenye bawaba za kutu, kisha huuliza, "Mzee, unasikia?"

"Nasikia," hujibu mzee kwa sauti nyembamba kama uzi, maana maumivu yamepanda mpaka shingoni. Bwana mkubwa hudhani anasikilizwa kisa, akazidi kuvuta. "Wagonjwa wa maradhi haya hawaumwi," humwambia binti wa mzee, aliyemleta. "Mtazame uso, shwari kabisa." Uso wenyewe haumtii mwenyewe, atautuma wapi?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini leo chuma cha kitanda kilimpata mtaalamu kidole kidogo cha mguu. Alirukaruka kwa mguu mmoja akimwita mama yake. Mzee alimtazama, uso shwari, mkono ukitetemeka.

"Mwanangu, unasikia?"

"Nasikia, Mzee. Nasikia sana."

"Haya, endelea na habari za shemeji."