Kilomita za Mzee Kuntai

Daktari alimwambia Mzee Kuntai apunguze uzito, na kwa magoti kama yake afadhali aogelee kuliko kukimbia. Kwamba magoti yenyewe yalikuwa yanabeba kitambi kilichojengwa bila yenyewe kuulizwa, hilo Kuntai alijiongezea mwenyewe akiwa njiani kurudi Kitengela. Alikuwa na tabia ya kuwahi kujicheka kabla wengine hawajafika.

Binti yake Soipan, muuguzi kule Kisumu, akamtumia saa. Ukiivaa majini inahesabu mikono inavyopiga, inapima moyo, inajumlisha umbali, kisha inapeleka habari zote kwenye simu yako na ya yeyote uliyemruhusu. Soipan alijiruhusu. Kuntai, aliyeifanyia serikali kazi ya mifugo hadi akastaafu bila mtu kujua saa nne asubuhi yuko wapi, aliona ni dharau kidogo. Akaivaa.

Tatizo ni kwamba hakujua kuogelea. Kajiado aliyokulia yeye, maji yalikuwa ya kunywa, ya kunywesha na ya kuombea. Mtu mzima kujitosa ndani yake ili apungue angeonekana ana shida nyingine. Basi kila asubuhi, katika bwawa la hoteli moja upande wa Isinya, alishuka ngazi mahali maji yanafika kifuani, akatembea. Alitembea na Hiram, muuza chakula cha kuku, ambaye naye alikuwa na magoti yake. Walikwenda ukuta hadi ukuta wakibishana mambo ya kaunti, na Hiram si mtu wa kubishana naye bila kutumia mikono.

Saa ikahesabu mikono. Siku waliyogusia mashamba kukatwa ploti, ilitangaza kwamba Kuntai ameogelea kilomita nzima.

"Hii kitu ni jinga," Kuntai alisema, akimwonyesha mwenzake.

"Si jinga. Wewe ukianza mambo ya ploti hata mimi naona kama unazama."

Angesahihisha siku hiyo hiyo. Lakini Soipan alikuwa ameshaandika kwenye kikundi cha familia: "Baba amefanya kilomita!" Shemeji mmoja, ambaye hakuwa amemsifu Kuntai tangu arusi, akajibu "Hongera." Jumapili pasta akamtaja katika mahubiri ya uvumilivu. Pasta akishakufanya mfano, si rahisi kumwambia arudie ibada.

Kisha Soipan akapiga simu. "Baba, nakuja Jumamosi na Nalangu. Ana miaka saba na bado hajui maji. Nitakuachia yeye asubuhi umfundishe, mimi nifike Kajiado kumwona shangazi. Huku siwezi kumwacha na watu. Na wewe siogopi."

Hilo la kutoogopa ndilo lililomharibia chai.

Alimwendea Mwalimu Ann, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni aliyefundisha watoto hapo bwawani, akamwambia anataka tu kujikumbusha kidogo. Kisha akaingia maji marefu kwa njia pekee aliyowahi kuiona ikifaulu. Katika kazi yake alikuwa amesimamia josho, akatazama ng'ombe wakiruka ndani ya dawa ya kupe, pua juu, miguu ya mbele ikivuruga, na wote wakatokea upande wa pili bila kufundishwa na mtu. Kuntai akaruka. Pua juu, macho yamemtoka, mikono ikichimba chini ya kifua. Alikuwa amesahau kwamba tumbo la ng'ombe limejaa hewa. Lake lilikuwa na nyama choma.

"Weka kichwa chini, mzee," Ann alisema, akimgusa kisogo kwa ule mti mrefu wa kuokolea watu.

Mti huo Kuntai aliufahamu. Yeye mwenyewe alikuwa akikandamiza shingo za ng'ombe kwa mti wenye panda mbele ili dawa ifike masikioni, na sasa, akiwa amemeza maji kiasi, aliwaonea huruma wote kwa pamoja. Akaushika, akavutwa nje. Saa ikamwuliza kama amemaliza kupumzika.

"Mwalimu, kufika Jumamosi nitakuwa nimejua?"

"Jumamosi ya mwaka gani?"

Jumamosi ikafika na mpango wake ukiwa mmoja: Soipan akishaondoka, mtoto abaki kwenye maji mafupi, na mengine wayaache. Soipan akaja, akamsalimu, akamwachia mfuko wa taulo. Nalangu, kavaa nguo za kuogelea tangu nyumbani, akapita maji mafupi kana kwamba ni dimbwi la barabarani, akaenda kusimama kwenye ukingo wa maji marefu, vidole vya miguu vikining'inia.

"Babu, si ni huku unaogelea? Nikiruka utanidaka?"

Soipan alikuwa ameshawapa mgongo, anaelekea getini. Hata hakugeuka.

"Soipan," Kuntai aliita. "Rudi."

"Nini, Baba?"

"Mshike mtoto kwanza."

Akarudi mbio, akamvuta Nalangu kutoka ukingoni. Ndipo Kuntai akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni hotelini, kwamba yeye kuogelea hajui, na zile kilomita zote ni za kuongea na Hiram.

Hiram, ndani ya maji, aliinua mkono kama shahidi. "Ni kweli, mama. Na nusu yake nilikuwa naongea mimi."

Soipan hakumtazama. "Baba, ningemwacha. Ningeenda."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita."

Soipan hakuuachia mkono wa mtoto. Kisha akampigia shangazi kumwambia leo hafiki, akamgeukia Ann, aliyekuwa akiwapanga watoto wake ukutani. "Darasa la wasiojua ni saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Weka wawili."

Ndivyo mzee aliyehubiriwa kanisani alivyojikuta ameshika ukuta wa bwawa katikati ya watoto wa nasari, akipuliza mapovu filimbi ikilia, na kupiga mateke ilipolia tena.

"Babu, unapiga vibaya," Nalangu alimwambia. "Nyoosha goti."

"Halinyooki."

"Mwalimu amesema linyooke."

Akajaribu. Soipan alikuwa amesogeza kiti cha plastiki mpaka ukingoni kabisa, viatu amevua, akiwatazama wote wawili.